Transfoma Mbili za Baltazar

Mume wangu Baltazar analima vitunguu saumu hapa Bashay, na msimu ukiisha anatengeneza redio za watu. Ana miaka hamsini na nane na hana cheti chochote cha ufundi. Alichonacho ni uvumilivu, ambao mimi nilinyimwa.

Miaka mitatu iliyopita alimkuta mnunuzi wa chuma chakavu akipakia mabaki ya redio kubwa ya zamani, zile za valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani. Akarudi nyumbani na transfoma mbili zenye kutu. Kubwa ilikuwa ya kulisha valvu umeme. Ndogo ya kupeleka sauti kwenye spika.

"Nitajenga amplifaya," akasema.

"Jenga choo kwanza, Baba Evelyne."

Alijenga choo. Halafu akaanza amplifaya, mashine ya kukuza sauti.

Mafundi wengine huchora kwanza, ndipo wanunue vifaa. Yeye vifaa alikuwa navyo tayari, tena havina maandishi, kwa hiyo mchoro ndio uliovifuata. Aliingiza umeme kidogo upande mmoja wa ile transfoma ndogo, akapima unaotoka upande wa pili, akaandika daftarini. Namba zile zikamwonyesha valvu zipi zitaelewana nayo, akaziagiza Arusha kwa fundi mwenzake. Akipima penye umeme mkali huweka mkono mmoja mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Mgeni akimwona anadhani ni maringo.

Mwaka huu kwaya yetu ilirekodi nyimbo kwa simu. Mwalimu wa kwaya, Kornelia, akatangaza kwamba Jumapili baada ya misa wote waje kwetu kusikiliza kwenye mashine ya Baltazar. Mume wangu akakubali mbele ya watu. Jumamosi akaiwasha. Ikanguruma kama ng'ombe aliyevimbiwa, wimbo ukasikika kwa mbali huko nyuma.

Akakagua waya mmoja mmoja. Akabadilisha valvu. Chakula cha mchana kikapoa.

"Transfoma ndogo imeungua ndani," akasema mwishowe. "Na nyingine kama hii siipati popote."

Nilipomwona uso nikaenda kumletea chai. Mezani hapakuwa na pa kuweka. Transfoma zake alizifunga ubaoni ubavu kwa ubavu, zinatazama upande mmoja, sawasawa na maksai wa kulimia.

"Kigeuze hicho kidude kidogo, niweke kikombe."

"Mama Evelyne, mimi nina msiba, wewe unaleta chai!"

"Kwani wafiwa hawanywi?"

Mashine ilikuwa bado inanguruma. Akalegeza skrubu, mkono mmoja mfukoni, akaigeuza ile ndogo kidogo. Mngurumo ukapungua. Tukatazamana. Akairudisha, ukarudi. Akaigeuza tena mpaka ikakaa msalaba na kubwa. Kimya.

"Haijaungua," akasema polepole. "Kubwa ndiyo inaimwagia mngurumo wake. Nimezifunga kama ng'ombe wa jembe, kumbe hizi hazitaki kuelekea pamoja!"

"Sasa kikombe nakiweka wapi?"

"Popote, mke wangu. Popote!"

Jumapili wakaja watu kumi na saba, shikamoo zikajaa uani. Baltazar akaunganisha simu. Sauti zikatoka nene na safi, hata pumzi za waimbaji kabla ya ubeti tukazisikia. Kwenye ubeti wa pili Kornelia akainua kidole.

"Rudisha hapo. Nani huyo wa besi anapanda wenzake wakishuka?"

Kwenye simu peke yake hakuna aliyewahi kumsikia. Wote wakamgeukia Patriki, kijana wa besi mwenye kifua kikubwa.

"Mashine ya mzee ina uchawi," akalalamika.

"Haina," akasema Baltazar. "Inakutaja tu."

Tulicheka mpaka Patriki mwenyewe akacheka. Kornelia akahamishia mazoezi ya Jumanne hapa kwetu, bila kuniuliza, na Baltazar akaitika kabla sijafungua mdomo. Siku hizi kila Jumanne nateleka sufuria kubwa ya chai, na besi zimeanza kushuka pamoja.