Chumvi ya Kiganja

Aibu hii bado inanichoma. Kazini kwetu Masaka tumezika hewa ya ukaa ardhini, na vyuma tulivyochomeka juu yake hupitisha umeme udongoni: ukipita kwa shida, huenda gesi hiyo inavuja, nayo hukaba pumzi. Asubuhi mimi humwagia vyuma maji ya chumvi ili umeme upite vizuri. Kipimo ni kijiko. Mimi, kwa uvivu, huchota kwa kiganja.

Juzi umeme ukagoma. Bila kwenda kuvitazama vyuma, nikawatimua majirani wote. Mama Keza alikimbia na povu la sabuni kichwani.

Bosi akaja. Tukakuta mbuzi wamefukua vyuma, wanalamba udongo.

"Iko wapi sasa hiyo gesi?" akauliza Mama Keza.

"Nani kazidisha chumvi?" akauliza bosi.

Nikaficha mikono mgongoni. Mbuzi mmoja akaniona, akaja mbio kunilamba viganja.