Wifi Alivyomtafutia Kaka Wakili

Simu ilitufikia uani mwa kanisa, Mesaimeer hapa Doha, Ijumaa alasiri, ibada imekwisha na watu wanasalimiana huku wakila mandazi. Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, aliisikiliza akiwa ameziba sikio la pili kwa kidole. Aliyepiga alikuwa mfanyakazi mwenzake kaka. Walikuwa wametoka kwenye karamu hotelini ya kumuaga mkubwa wao wa ofisi, na kaka akashika usukani kurudi nyumbani Al Wukair akiwa amelewa. Kwenye mzunguko wa barabara gari lilipanda ukingo likagonga nguzo ya taa. Hakuna aliyeumia, lakini polisi walikuwa wameshamchukua.

Nilimwangalia wifi nikingoja alie au atukane. Ni nesi wa chumba cha dharura. Nimemwona akirudi kutoka kazini, anakaa jikoni na sare yake bado mwilini, kwa sababu ya mtu aliyegongwa na dereva mlevi. Mwenye sababu ya kumwacha kaka akipate alichokitafuta alikuwa yeye.

Mwenzake kaka alikuwa bado anaongea. Wifi akaweka sauti ya nje ili nami nisikie.

"Shemeji, usijali. Mimi nitawaambia alikunywa dawa ya kikohozi. Hata chupa naweza kuitafuta."

"Amepimwa damu?" wifi akauliza.

"Nadhani wamempeleka kupimwa."

"Basi achana na kikohozi. Ukiulizwa, sema ulichokiona. Ukiongeza uongo utamzamisha, na wewe mwenyewe uingie."

Akakata simu. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nalistaajabia. Sisi Wakenya wa Doha tunaogopa aibu kuliko tunavyoogopa joto la Agosti. Mtu akishikwa, familia yake hunyamaza, wengine hujua siku anaporudishwa nyumbani. Wifi yeye aliwaendea akina mama wa kwaya, walewale anaowaongoza kuimba, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Mume wangu amekamatwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Natafuta wakili leo. Nani anamjua mtu?"

Mandazi yalisimama hewani. Mama mmoja alitazama chini. Mwingine, mwanamke mpole ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza zaidi ya salamu, akasema yeye ni karani katika ofisi ya mawakili na anaweza kumpigia mmoja wao, ingawa ni siku ya mapumziko.

Tulimkuta mwanasheria huyo nje ya kituo cha polisi jioni hiyohiyo. Alikuwa Msudani wa makamo, kanzu nyeupe na kilemba, ametoka moja kwa moja kwa wageni wake. Huku wanasheria huitwa ustadhi, na wifi alimwita hivyo tangu mwanzo. Waliongea Kiingereza, chake kikiwa na Kiarabu ndani na cha wifi kikiwa na Kiswahili.

"Mumeo alikunywa?"

"Alikunywa, ustadhi."

"Una hakika? Wake wengi huniambia waume zao hawajui hata harufu yake."

"Nimeishi naye. Najua anachofanya kwenye karamu. Sikuombi umtoe kama mtu asiye na kosa. Nataka ashtakiwe kwa alichokifanya tu, na akielewe kila anachoambiwa."

Ustadhi akatabasamu. "Sawa, mama. Hapo naweza kufanya kazi."

Tuliruhusiwa kumwona kaka kwa dakika chache. Alikuwa ameketi kwenye benchi, shati limetoka nje ya suruali, macho mekundu. Aliponiona aliinamisha kichwa. Alipomwona mkewe alianza, "Mama watoto, nisame—"

"Hilo la nyumbani," wifi akamkatiza, bila ukali. "Sasa nisikilize. Usitie sahihi kitu chochote usichokielewa. Omba mkalimani. Omba kwa adabu, na wakikataa uombe tena. Mimi simruhusu mgonjwa atie sahihi ya upasuaji kabla hajaelezwa kwa lugha yake, hata daktari awe na haraka namna gani. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Akamnyooshea kola ya shati, tukatoka.

Asubuhi alipelekwa niyaba, ofisi ya waendesha mashtaka, na ustadhi akaingia naye. Sisi tulingoja kwenye korido yenye baridi kali ya kiyoyozi. Ustadhi alipotoka alitueleza yaliyotokea. Kaka alikuwa amekataa kutia sahihi maelezo yake mpaka yasomwe na mkalimani, na yaliposomwa ikaonekana yanasema aliiacha ajali na kuondoka. Yeye alikuwa amesema kwa Kiingereza kibovu cha mtu mwenye hofu kwamba aliliacha gari, maana yake alishuka. Ukweli ni kwamba alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, kichwa mikononi, mpaka polisi walipofika. Askari aliyemkamata aliulizwa, naye akathibitisha hivyo. Neno likasahihishwa. Kukimbia ajali lingekuwa kosa la pili, na pengine ndilo lingemrudisha Kenya.

"Nilisoma sheria miaka mingi," ustadhi akamwambia wifi, "lakini leo mteja wangu ameokolewa na mkewe kabla sijafungua mdomo."

Wifi alikuwa amefumba macho. Alinishika mkono akaung'ang'ania. Ndipo nilipojua kwamba tangu jana alikuwa na hofu kama yangu, ila hakuiacha iongee kwa niaba yake.

Kaka aliachiwa kwa dhamana, pasipoti ikabaki kwa serikali. Kesi iliposikilizwa alikiri. Ustadhi hakubuni ugonjwa wala huzuni. Alieleza kwamba mteja wake ana kosa hili moja, hakumuumiza mtu, hakukimbia, na amekubali kosa. Hakimu alimtoza faini, akamfungia leseni na kumpa kifungo kilichoahirishwa, kwa hiyo akirudia ataingia ndani. Hakufukuzwa nchini. Kampuni yake ilimwacha kazini, ila ilimhamisha kutoka kutembelea wateja akawa wa ofisini.

Siku ya hukumu tulitoka nje kwenye jua tukaelekea maegeshoni. Kaka, kwa mazoea, alikwenda upande wa dereva wa gari la wifi. Wifi alisimama mbele yake mkono ameunyoosha kumzuia. Kaka akacheka kicheko cha aibu, akazunguka upande wa pili.

Walinipitisha kwanza Al Mansoura, ninakokaa mimi. Nilipofungua mlango kushuka nilimsikia wifi akisema taratibu, "Haya. Tukifika, zima simu yako. Lile la nyumbani tunalizungumza leo."

"Sawa," kaka akasema. "Leo."

Nilibaki kando ya barabara nikiwaangalia wakiondoka, wifi akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, akitoa ishara ya kukata kona mapema kabisa, kama anavyofanya siku zote.