Bastola Haina "Yetu"

Watu wakisikia fulani ana bastola wanafikiri anaishi kwa raha. Mimi nilikuwa nayo miaka mingi, tena kwa cheti, na ninachoweza kusema ni kwamba ni kama kulea mtoto mchanga ambaye hakui. Huendi msiba wa mbali bila kuwaza utaiweka wapi. Hukai mahali ukaivua ukaiweka kando upumzishe kiuno. Bibi yangu aliipa jina la mke mwenza. Asubuhi ananiuliza, "Mke mwenzangu ameamka? Umemfungia vizuri, ama leo anatoka na wewe?" Watoto wanacheka.

Niliitafuta kwa sababu ya kuporwa. Duka letu la mabati, mbao na misumari lilikuwa Kibera, upande wa Makina, si mbali na Soko la Toi, na jioni lazima mtu abebe mauzo. Wezi waliponipora mara ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Walivyorudi wakanipiga na bomba hapa kwenye sikio, na mpaka leo sikio hilo husikia kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa. Ndipo nikaenda kuuliza bastola inaombwa vipi.

Mimi sikusoma. Niliacha shule darasa halijafika kwenye hesabu za kugawanya. Kwa hiyo sheria yote ya bastola niliambiwa kwa mdomo na nikaishika kwa kichwa. Alinifundisha mzee mmoja aliyekuwa jeshini, mtu wa kukohoa sana. Aliniambia: silaha ina mahali pawili tu duniani, mwilini mwako ama kwenye sefu, na sefu iwe imeshikana na ukuta. Haikai chini ya godoro, haikai kwenye droo wala kwenye gari. Isionekane, maana ukiwaonyesha watu umewaita. Huazimi mtu, hata ndugu wa tumbo moja, kwa sababu cheti kina picha moja na hiyo picha ni yako. Ikipotea unakimbia kituoni siku hiyohiyo, hungoji kuitafuta kwanza. Cheti kinafanywa upya kila mwaka, usingoje kukumbushwa. Halafu akakohoa, akasema, "Na ukiitoa, uwe umeshaamua. Kama hujaamua, iache ilale."

Kabla sijapewa, askari alikuja nyumbani kuangalia sefu. Aliishika akaitikisa kama daktari anavyotikisa jino bovu. Ikakataa kutikisika. Akaridhika, akanywa chai, akaenda.

Hata msikitini sikwenda nayo. Jirani mmoja aliniuliza kwa nini nisiivue tu nikaiacha na viatu pale mlangoni nikienda kutawadha. Nikamwambia, hapo mlangoni viatu vyenyewe vinaibiwa, ndio niache bastola?

Sasa nije kwa mwenzangu wa biashara. Alikuwa Mkamba wa Machakos, fundi wa mbao, mikono yake ilijua mti kuliko mimi ninavyowajua wanangu. Alianza kwa kununua misumari kwangu, tukazoeana, mwishowe tukafungua duka la pili Kawangware. Yeye akashika la Kawangware, mimi la Kibera. Nilimwita "mutumia", ambalo kwao ni jina la heshima, mzee wa watu. Wateja wetu Wakikuyu walikuwa wanakufa kwa kicheko, kwa sababu kwao neno hilo ni mwanamke. Mmoja aliwahi kumwambia, "Mutumia, na bwana yako yuko wapi?" Naye akajibu, "Bwana yangu ni yule Mnubi, ndiye ananinunulia unga." Tulicheka siku nzima. Alikuwa mtu wa namna hiyo, anayekufanya usahau kodi ya nyumba.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa. Sisi Wanubi wa Kibera, ama tuseme nyumba niliyolelewa mimi, mtu hasemi "yangu" mbele ya mgeni. Nyanya yangu alikuwa anafinya. Mgeni akiuliza, "Kikombe hiki cha nani?" unajibu, "Chetu." Ukisema "changu" unafinywa hapa juu ya kiwiko, na mgeni anaona. Ikaniingia. Mtu akiniuliza duka hili la nani, nasema letu. Shati la nani, letu. Mwenzangu mwanzo alishangaa, akasema kwao Ukambani mbuzi ana mwenyewe na mwenyewe anajulikana. Baadaye akazoea, akawa naye anasema letu, chetu, yetu, mpaka watu wakadhani ni Mnubi.

Lakini siku moja, akiwa amekaa kwangu, aliona shati limenyanyuka kiunoni, akauliza kwa utani, "Na hiyo nayo ni ya nani?"

Nikamwambia, "Hii ni yangu. Hii peke yake."

Bibi yangu alisimama na birika mkononi. Alisema hajawahi kunisikia nikisema neno hilo mbele ya mgeni tangu nimwoe. Nikawaeleza wote wawili sababu: vitu vingine vyote ni heshima, hiki ni sheria. Mwenzangu akaitikia kwa kichwa, akasema amesikia.

Halafu ukaja ule uchaguzi.

Sitaeleza yote, walioishi wanajua na wasioishi hawatanielewa. Matokeo yaliposomwa, moshi ulipanda. Soko la Toi liliungua, mitumba ikanuka hewani siku nyingi, harufu ya nguo za watu usiowajua. Sisi Wanubi, na Wakamba vilevile, tulikuwa katikati ya makabila yaliyokuwa yakipigana. Kila upande ulikuuliza wewe ni wa wapi, na jibu lolote lilikuwa baya kidogo. Nilifunga duka. Unga ulikosekana, kredo ya kupigia simu ikakosekana, ukitaka kujua ndugu yako yu hai lazima uende kwa miguu.

Ndivyo mwenzangu alivyokuja, kwa miguu kutoka Kawangware, vumbi mpaka magotini. Bibi yangu akampa chai. Akakaa, akanywa nusu, akasema, "Mzee, nipe ile kitu siku mbili tatu."

"Kitu gani?"

"Usinifanye mtoto. Mguu wa kuku."

Hivyo ndivyo watu wa Nairobi wanavyoita bastola. Nikamwambia haiwezekani.

"Watachoma duka," akasema. "Wamechoma la jirani. Nataka waione tu. Sitaifyatua."

"Ukikamatwa nayo, wewe una silaha bila cheti, mimi nimetoa silaha yangu. Tunaingia ndani wote."

"Wakati kama huu nani anasoma cheti?"

"Wakitulia watasoma."

Akacheka kidogo, si kicheko chake kile. "Basi njoo nayo wewe. Simama mbele ya duka."

Nilifikiri, sitadanganya. Niliona lile duka, mbao tulizopanga pamoja. Lakini nikajiona pia nimesimama mbele ya umati, na yule mzee wa kukohoa akisema uwe umeshaamua. Mimi sikuwa nimeamua kumuua mtoto wa mtu kwa sababu ya misumari. Nikamwambia tutafute lori, tuhamishe mali ije kwenye uwanja wangu, duka libaki tupu, wakichoma wachome kuta. Akasema sawa. Bibi yangu akamfungia unga kidogo aliokuwa ameuficha hata mimi nisijue. Tukaagana vizuri. Nasisitiza hilo, tuliagana vizuri.

Lori halikuitwa. Nilikuja kuambiwa baadaye na mwenye kibanda cha chai kule kwamba alifika Kawangware akawaambia wafanyabiashara wa mtaa wao kwamba yeye ana bastola. Wakamfanya mkuu wa ulinzi. Kila alipopita aliweka mkono chini ya koti, na humo ndani, kama nadhani vizuri, alikuwa na kipimo cha mbao. Na niseme haki, duka halikuchomwa. Safu nzima haikuchomwa. Kama angeishia hapo ningemsifu mpaka kesho.

Lakini maneno hutembea. Kwanza vijana wa mtaani kwangu wakaanza, "Buda, tumesikia mko na chuma, toa basi tujilinde." Nikakana, nikakana, bibi yangu akalala na nguo zake, tayari kukimbia. Halafu ghasia zilipopungua wakaja askari, mchana, watu wakiona.

Mkubwa wao alikuwa na adabu. "Mzee, tumesikia silaha yako inazunguka Kawangware."

Nikafungua sefu. Ilikuwa humo, na risasi zake zote. Akaitoa, akainusa mdomo, akaangalia cheti, akaangalia uso wangu, akaangalia cheti tena.

"Iko hapa leo," akasema. "Nitajuaje kama ilitoka ikarudi?"

"Muulize huyo anayesemekana alikuwa nayo."

"Tutamuuliza. Akisema hajawahi kuishika, mzee, hii unarudi nayo nyumbani."

Basi wakaichukua na cheti chake, tukaenda wote kituoni, na kila kitu kikawa ni hilo neno moja kutoka kwa mwenzangu. Sikuwa na wasiwasi. Nilipofika kituoni na kumwona anaingia, nilifurahi, nikataka hata kumtania kuhusu koti. Nje ya mlango walikuwa wamesimama wafanyabiashara wenzake wa Kawangware, walimsindikiza kama bwana harusi.

Mkubwa akaweka bastola mezani, tupu, akamuuliza, "Hii unaijua?"

Mwenzangu akaangalia mlangoni kwanza. Halafu akasema, "Naijua, afande. Ni yetu."

"Yenu vipi?"

"Mimi na mzee hatuna changu wala chako. Inalala kwake, lakini ni yetu. Uliza mtu yeyote Kibera, huyu mzee kila kitu chake anasema ni chetu."

Nilihisi lile sikio langu bovu ndilo limesikia vibaya. Nikamwambia, "Mutumia, hii nilikuambia ni yangu. Ulikuwa kwangu. Bibi alikuwa na birika."

Hakuniangalia. Alimwambia mkubwa, "Mzee amesahau. Ni umri."

Mkubwa yule hakuwa mjinga. Alimsukumia ile bastola, akasema, "Haya, toa magazini ya risasi." Mwenzangu akaigeuza huku, akaigeuza kule, akaibonyeza pasipobonyezwa, kama mtu aliyepewa simu ya mwanawe. Wale wa mlangoni hawakuona, mgongo wake uliwaziba. Mkubwa akaichukua, akapumua.

"Mzee," akaniambia, "mimi naona ninachokiona. Lakini huyu ametamka mbele ya watu, na imeandikwa. Kwa cheti, silaha ni ya mtu mmoja. Hii sasa ina wawili. Siwezi kuirudisha."

Nikauliza kama nitashtakiwa. Akasema atajitahidi isifike huko, na haikufika. Lakini bastola ilibaki na cheti kikabaki. Baadaye nikaambiwa kimefutwa, na kwamba nikitaka tena nianze upya, nilete na watu wa kunisemea.

Nje, mwenzangu alinifuata mpaka kwenye kona. "Mzee, ningesema nini? Walikuwa mlangoni. Wakijua nilikuwa natembea na mkono mtupu wangenila mzima. Na si ni chuma tu? Wewe uko nje, mimi niko nje."

Nilimwacha pale. Nilipita mtaa wa Ayany kwa miguu, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kiuno changu kilikuwa chepesi. Niliuchukia wepesi wake. Nilisikia kila aliyekuwa nyuma yangu.

Siku za kuporwa hazikuwa zimeisha, mjue. Duka likafunguliwa, mauzo yakarudi, na mimi nikawa nafunga mapema jua likiwaka, wateja wa jioni wakaenda kwa wengine. Nilihitaji ile bastola. Na watu wa kunisemea niliwatafuta, lakini kila aliyeniheshimu alikuwa amesikia kwamba mzee alikuwa anakodisha silaha wakati wa vita. Wananisalimia vizuri, wakifika kwenye kuweka sahihi wanakumbuka safari.

Hali ilipotulia kabisa mwenzangu alikuja. Alileta maembe ya kwao, mazuri. Akakaa kiti chake kilekile. Bibi yangu alimpa chai bila kumwita shemeji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Akasema, "Mzee, nimefikiri. Nitarudi kwa yule mkubwa, nimwambie ukweli. Kwamba sikuwahi kuishika. Watakurudishia."

Nikahisi moyo unaruka, sioni haya kusema. Lilikuwa ndilo neno lile lile nililolitaka. Lakini nikajua pia kwamba neno la ofisini, mlango umefungwa, halitafika kwa wale wenye kalamu zilizonikimbia. Nikamwambia, "Vizuri. Anza Kawangware. Waambie wenzako kwanza, wote, pale mbele ya duka. Halafu tutakwenda kituoni pamoja."

Akamaliza chai yake yote mpaka majani ya chini, akaweka kikombe polepole kana kwamba kitavunjika.

"Hilo siwezi, mzee. Pale nina jina."

Nikamsindikiza mpaka barabarani, kwa sababu mgeni anasindikizwa. Alipovuka kuelekea Ngong Road, sikungoja nione kama atageuka.