Unga wa Mtende Dume

Pua yangu haikuwa na adabu. Mitende ya Maskati ikianza kuchanua tu, mimi, rubani mzima, hupiga chafya mpaka machozi yanitoke. Na pua ikiziba hurushi ndege. Ukiteremka kutoka juu masikio hutaka kupasuka. Basi msimu ule nikirudi kazini nikijifungia ndani, madirisha yote kufuli, nikingoja kupimwa na daktari wa kampuni. Bila ya saini yake siruki.

Siku mbili kabla ya kupimwa, baba mkwe akaniita shambani kwake Sib, tukaipe mitende majike unga wa maua ya dume, ipate kuzaa. Udhuru nilikuwa nao, tena wa kweli. Lakini mashemeji zangu walizoea kunitania: "Mwacheni Mzanzibari huyo, yeye anajua minazi tu." Wallahi maneno yale yalinichoma. Tangu niihame Unguja ilikuwa miaka minne, na bado nikijiona mgeni kila mahala. Nikajifunga kamba kiunoni, nikapanda mitende sita, unga ukinimwagikia usoni. Wakanishangilia, nami nikafurahi, mjinga mie!

Asubuhi ya kupimwa niliamka macho yamevimba. Mke wangu akaniambia, "Mwambie daktari kweli. Mficha uchi hazai."

"We, unataka ninyang'anywe kazi?" nikamfokea. Alipotoka chumbani nikameza vidonge viwili vya mafua, nilivyonunua sokoni.

Pua ikakauka vizuri. Daktari akaniuliza kama natumia dawa yoyote. Nikasema la. Chafya za msimu jee? La. Akaenda chumba cha pili kuchukua karatasi, na aliporudi alinikuta kitini nakoroma.

Ikabidi nimtolee mfukoni vidonge vilivyosalia, kumbe vya kuleta usingizi. Akavitazama, akatikisa kichwa. "Marubani wangapi wana chafya kama zako! Ningekupumzisha mpaka mitende imalize kuchanua, kisha ukarudi kazini. Lakini anayenificha dawa simtilii saini."

Urubani wangu ukaishia pale. Nikapewa kazi kiwanja cha ndege cha Ruwi, kupima mizigo wanayopakia wenzangu.

Mke wangu aliponiuliza, nikamwambia nimenyimwa saini kwa sababu ya pua. Akamwendea baba yake: "Wewe ndiye uliyempandisha mitende!" Hakumsamehe miaka mizima. Mzee wa watu kila akiniona huniomba radhi, nami humjibu, "Yameshapita, baba." Amekufa na lawama ile, na mimi sikumwambia kweli.