Karatasi ya Saba

Kazini walimwita Kupe, na msidhani walimwita hivyo kwa mapenzi. Akishaling'ang'ania faili haliachii mpaka ashibe. Kazi yake ilikuwa kuchunguza madalali wa kigeni waliokuja kuiuzia serikali zana za jeshi: nani ana leseni ya kweli huko kwao, nani kampuni yake ni sanduku la posta na chumba cha kukodi, nani anamjua mwenye kiwanda na nani amemwona kwenye picha tu. Wenye suti waliingia ofisini kwake wakinukia vizuri, wakatoka wakijipepea na makabrasha yao.

Hakuna shule iliyomfundisha kazi hiyo. Miaka kumi na miwili alikaa kaunta ya posta akigonga mihuri mpaka kiganja kikaota sugu, na huko ndiko alikojionea jinsi watu wanavyodanganya kwa karatasi. Alipohamishiwa wizarani alikuja na sheria yake moja, akaishika kama dini: namba ya simu iliyo kwenye barua ya mgeni haipigwi. Ukiipiga, atapokea shemeji yake. Unaitafuta mwenyewe namba ya ofisi inayohusika, ndipo unapiga.

"Wewe hata malaika ungemdai kitambulisho," Sekretari wa Mkuu alimwambia siku moja.

"Malaika wa kweli hatakasirika," alijibu Kupe.

Nyumbani mambo hayo hayakusemwa. Alikuwa amekula kiapo cha kutunza siri, na hata mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alijua tu kwamba dada yuko wizarani anapanga makaratasi. Mdogo mwenyewe alikuwa askari. Na hapo ndipo roho ya Kupe ilipokuwa imening'inia mwezi ule, maana batalioni ya kijana huyo ilikuwa inakwenda mpakani, ambako risasi hazikuwa hadithi, na faili lililokuwa mezani kwa Kupe lilikuwa la fulana elfu mbili za kuzuia risasi, watakazovaa wao hao.

Dalali wa fulana hizo alikuwa bwana mnene mwenye suti ya kijivu, ambaye ofisi nzima ilimpachika jina la Tabasamu. Alikuwa amekariri salamu zote za Kiswahili, akiamkia mpaka wafagiaji, akiulizia hali za watoto ambao hawajazaliwa. Na faili lake! Kwa kawaida mafaili ya madalali huja yamenyonyoka kama kuku mgonjwa: hili halina leseni, lile halina hati ya kiwanda. La Tabasamu lilikuwa na karatasi zote nane za kwenye orodha, zimepangwa na kuwekewa vibandiko vya rangi. Jumatatu Kupe alilipitia, akaweka tiki nane, akatia sahihi. Alikuwa hajapiga simu ya kuhakiki leseni, lakini Mkuu wake alisema faili lililokamilika namna ile linaingia kamati ya ununuzi kesho yake, simu itafuata. Naye Kupe, aibu yake, alikubali. Alitaka fulana zifike upesi kuliko mtu yeyote katika jengo lile.

Kamati ilikuwa ikutane Jumanne saa nne na nusu asubuhi. Saa tatu na nusu Kupe alivuta mtoto wa meza, akatoa kitabu cha vyeti vya mtumiaji wa mwisho. Katika cheti hicho serikali inayonunua huapa kwamba mzigo ni wake na hautauzwa kwa mwingine. Hutolewa na ofisi moja tu, ya Kupe, na hutolewa baada ya kamati kukubali, si kabla. Alitaka tu kukiweka tayari. Ukurasa uliofuata ulikuwa namba thelathini na mbili, mweupe, haujaguswa.

Akaisoma namba hiyo mara ya pili. Lakini si nimeshakiwekea tiki?

Akalifunua faili la Tabasamu mpaka karatasi ya saba. Cheti cha mtumiaji wa mwisho kilikuwamo, kina nembo ya serikali na sahihi ya kupendeza, namba hamsini na nane. Mtoto kazaliwa kabla ya mama yake! Katika orodha nafasi ya saba hujazwa na ofisi ya Kupe yenyewe, mwishoni; siku ile faili la mkweli lilitakiwa liwe na pengo hapo. Tabasamu, kwa uroho wa kukamilisha, alikuwa ameghushi karatasi ambayo hakuna aliyemwomba, akaileta mbele ya mwanamke pekee mwenye kazi ya kuitoa. Na mwanamke huyo akaipitisha! Miaka yote alizoea kutafuta kilichopungua, hakuwahi hata siku moja kutafuta kilichozidi.

Moyo ulimdunda, na tusifichane, haukudunda kwa hofu tu. Ulidunda kwa raha. Kupe alikuwa amenusa damu.

"Mkuu, faili la fulana lisiingie kamati," alisema kabla hajafunga mlango.

"Kwa nini? Limekamilika."

"Ndiyo ubaya wake."

Mkuu alisikiliza, akalitazama lile faili, akamtazama yeye. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka tu. "Mama, labda ni kosa la karani wao. Vijana wanaondoka Jumamosi, na ndege ya mzigo inasubiri cheti tu. Niwaambie wakubwa tumekwama kwa sababu faili limejaa mno? Na tiki hii si yako?"

"Ni yangu. Nimekosea, niadhibu baadaye. Sasa hivi naomba simu ya nje. Huko kwao wanafungua ofisi saa nne ya kwetu."

"Saa nne na nusu naingia na faili hili mkononi. Usiponiletea kitu, linapita."

Simu ya nje ilikuwa moja tu, mezani kwa Sekretari. Saa nne kamili Kupe akapiga ofisi ya leseni, kwa namba aliyoitoa katika kitabu cha anwani za serikali. Inatumika. Akapiga tena. Wakamwekea muziki. Akaukatia muziki wao, akapiga mara ya tatu. Sekretari alikuwa ameacha kuchapa, ameshika shavu.

Mara ya nne akapokea mwanamume mwenye sauti ya usingizi. Kupe akamsomea namba ya leseni, tarakimu moja moja.

"Ipo," ilisema sauti.

Kupe akairudia namba, tarakimu moja moja tena.

"Ila ni ya mzee mmoja aliyekuwa akiuza darubini. Alifariki mwaka juzi, leseni ikafungwa. Nani anaitumia?"

"Niandikie hayo, baba, na muhuri, sasa hivi nikiwa hapa kwenye simu!"

Saa nne na dakika ishirini na sita mashine ya faksi ikaitema ile barua. Kupe akavua viatu, akaikimbilia korido nzima peku, Sekretari nyuma yake akipiga vigelegele kama yuko harusini. Nje ya chumba cha kamati Tabasamu alikuwa ameketi kwenye benchi, begi mapajani.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, marehemu," alijibu Kupe bila kusimama.

Mkuu alikuwa ameshashika kitasa. Akaisoma barua mara mbili, kisha akalichomoa faili la fulana kwenye rundo na kulitia kwapani. Walinzi walipotumwa kwenye benchi walikuta begi tu. Mwenyewe walimdaka getini, akiwa bado anamwamkia mlinzi.

Alhamisi zikaja habari kutoka nchi jirani, ambako Tabasamu alikuwa ameshauza. Walikuwa wamezichana fulana zake, wakakuta sponji ya magodoro na bati jembamba la kuezekea. Kupe alikwenda chooni akalia, akanawa uso. Mchana wa siku hiyohiyo alikabidhiwa barua ya onyo kwa ile tiki ya Jumatatu. Akaitia sahihi kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote.

Jumamosi asubuhi alikuwa uani anafua, simu ikalia. Mdogo wake.

"Dada, safari imevunjika! Tumefunga mizigo, tumeaga watu, leo tunaambiwa tusubiri vifaa mpaka mwezi ujao. Eti kuna karani mmoja mwanamke huko kwenu wizarani amezuia."

"Pole, mdogo wangu."

"Pole haitoshi! Mimi nilipangwa gari la kwanza, dada. La kwanza! Batalioni nzima inanitazama mgongo."

Kupe akakaa chini palepale, kwenye maji ya kufulia.

"Dada? Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi ukikutana naye huyo karani, mwambie ana roho mbaya."

"Nitamwambia," alisema Kupe. Gauni lilikuwa limelowa lote, na hakuinuka.