Ndege ya Tonton Yusufu

Juzi mpwa wangu alinishikisha usukani wa mchezo wake wa ndege. Ulipotetemeka, nilipima kwa macho kama bado naenea chini ya kitanda.

Mchana mmoja nikiwa mtoto, mtaani kwetu Nyakabiga, mjomba wangu, Tonton Yusufu, aliunganisha usukani kama huo na kompyuta yake iliyonuka vumbi la moto. Programu ilipokubali, usukani ulitetemeka wenyewe na meza ikagongagonga. Sikuuamini. Siku zile meza ikitetemeka, mutu hakungoja maelezo, nikaingia uvunguni mwa kitanda.

“Toka, mwoga we! Ni ndege ya mchezo.”

“Apana, Tonton. Mi nabaki.”

Akazima kompyuta ili nimwamini. Meza ikaendelea kutetemeka: mizinga ilikuwa imeanza kunguruma milimani.

Alipojibana kando yangu, nilimwuliza kwa adabu, “Na hii, Tonton, ni ya mchezo?”