Baba Mkwe Alifunga Gasketi Mwenyewe, Nani Atamwambia?

Ficheni jina langu, tafadhali, kwa sababu ukurasa huu husomwa mpaka kwa wakwe zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka thelathini na sita, upande wa Navakholo. Nina mke mmoja na pikapu moja kuukuu, na wote wawili wananikosesha usingizi.

Mke wangu ni mjamzito, na siku zake zimekaribia. Mimba ya kwanza ilituishia njiani. Uchungu ulimshika mvua ikinyesha, nikambeba kwa baiskeli, na barabara yetu ya murram ikilowa hata ng'ombe huteleza. Mtoto alizaliwa kando ya shamba la miwa. Hakulia. Ndiyo maana nilinunua pikapu, imfikishe hospitali ya misheni kule Mukumu siku ikifika. Sikuinunua kwa kazi nyingine yoyote.

Mwezi uliopita ikaanza kumisi, yaani injini inarukaruka mapigo. Ukiiwasha asubuhi inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, inatoa moshi mweupe. Nikabadilisha plagi, wapi! Baba mkwe akapata habari, akaja na fimbo yake. Huyu mzee alikuwa fundi wa matrekta ya miwa maisha yake yote. Leo macho yake yameingia ukungu, anatutambua kwa sauti tu.

"Usinieleze kitu, mkwe. Washa."

Akachomoa waya za plagi moja moja injini ikinguruma. Ya kwanza, injini ikalegea. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, hakuna kilichobadilika. "Hii ndiyo imelala," akasema. Akatoa plagi yake, akaipapasa, akaigusa kwa ulimi! "Maji. Gasketi ya hedi imeungua, maji yanaingia kwa silinda." Jamani, alikuwa sahihi kabisa: lile bamba jembamba linaloziba kati ya injini na hedi, kifuniko chake cha juu, lilikuwa limeungua.

Shida ilikuja kwa kuchagua gasketi nyingine. Mimi nilitaka niende mjini nikanunue ya injini yetu. Mzee akacheka. "Hizo za siku hizi ni makaratasi tu." Akaagiza sanduku lake la zamani, akatoa gasketi ya shaba aliyoiweka tangu akiwa kazini. Akaichoma kwa makaa ipate kulainika, akaipima kwa vidole, akasema imekaa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Niliona tundu moja la maji halilingani na la injini, na ukingo umeingia ndani ya silinda ya tatu. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Kwetu baba mkwe hasahihishwi, tena mbele ya binti yake, tena akiwa ameshika spana kwa mara ya kwanza tangu macho yamwache. Akaifunga huku akipiga mluzi. Mke wangu alikuwa analia kwa furaha.

Wiki haikuisha, ikarudi kumisi. Nilipoijaribu kwa ule mlima wa kwenda barabara kuu, ilichemka ikazima katikati. Na mzee anakujanga kila asubuhi, anaweka kiganja juu ya boneti na kusema, "Sasa hii ndiyo injini." Nayo inamisi chini ya mkono wake! Sijui hasikii ama hataki kusikia.

Nimenunua gasketi inayofaa, iko chini ya kitanda. Nikaenda kwa fundi wa Shieywe. Kitu cha kwanza aliuliza nani alifunga. Nilipomtaja mzee, akaweka spana chini.

"Mwalimu, huyo ndiye alinifundisha kazi. Mimi siwezanga kufungua kazi yake akiwa hai. Aje mwenyewe aniambie."

Nikajaribu mwingine, na huyo pia alifundishwa na mzee. Mimi mwenyewe najua chaki tu.

Nikamwomba mke wangu akakae kwa dada yangu mjini mpaka ajifungue. Akakataa. "Baba atauliza kwa nini, na gari ametengeneza. Utamjibu nini?"

"Kwani wewe hiyo injini huisikii?"

Akainamisha kichwa. "Nasikia. Ni mimi nilikuwa nampea spana tangu nikiwa mdogo. Nilisikia siku ile ile uliiwasha. Lakini ukifungua hiyo hedi, utakuwa umemzika."

Kumbe tunajua sote, na sote tumenyamaza. Hata gari la hospitali siwezi kuliita, simu ya karibu iko posta mjini.

Jana mzee alihamia kwetu na mkoba wake wa nguo. Anasema siku ikifika atakaa mbele, kando ya binti yake, aisikilize injini njia nzima hadi Mukumu. Amefurahi kupita kiasi. Asubuhi hii mke wangu aliacha chai jikoni akaja kuegemea mlango, ameshika kiuno. "Bado," akaniambia, lakini hakunitazama usoni.

Najua barua hii itachukua siku kuwafikia, lakini sina mwingine wa kumuuliza. Huko nje mzee ameshawasha pikapu, anataka ikae tayari. Naisikia nikiandika: moja, mbili, inaruka, nne. Moja, mbili, inaruka, nne.

Ndugu zangu, mwenye wazazi wakwe anielewe na anishauri. Nimwambieje huyu mzee?